Mrija Uliopakwa Dawa

Mwaka 2004 Harub bin Humam alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Kabla ya hapo madaktari walimtia mrija mdogo wa waya kwenye mshipa wa moyo. Akapata nafuu, halafu mshipa ukaziba tena palepale. Akahamia kulala ghorofa ya chini, majlisi, chumba cha wageni, na mkewe Kheiria akashuka na mto wake kumfuata.

"Safari hii sikubali," Harub alisema. "Wanazibua, unaziba, wanazibua. Mimi bomba la jikoni?"

Kheiria alimvalisha kofia, akamtia garini, akampeleka hospitali.

Dokta Masouda, naye mtoto wa watu wa Unguja kama wao, aliwaonesha mrija mpya, mwembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Si uleule huo?" Harub aliuliza.

"Sura ileile, Ami. Lakini huu umepakwa dawa. Ule wa mwanzo, nyama ya mshipa iliota juu yake mfano wa kovu, ndiyo iliyoziba. Dawa hii inatoka kidogo kidogo, palepale, inaizuia nyama isiote. Haina haja ya kuzunguka mwili mzima."

Kheiria akadakia, "Mimi nimemnywesha habasoda na asali mpaka mitungi imekwisha!"

"Vyema, Khalati," Dokta alimwita kama mama mdogo. "Lakini vyote hivyo vinaanzia tumboni, havifiki palepale."

Kheiria akamgeukia mumewe. "Basi atiwe. Mimi nshachoka kulala majlisi na mbu."

Harub alicheka mpaka akashika kifua. Akakubali.

Siku ya kazi yenyewe alikuwa macho. Waya uliingizwa pajani mpaka moyoni, na kwenye televisheni akauona moyo wake unapiga, na mishipa imekoza kwa dawa ya rangi. Pale palipobana palikuwa uzi tu. Khofu ikamwingia, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Dokta Masouda akaisoma naye, chini chini, mikono yake haisiti.

Kiputo, mfano wa puto dogo lililovikwa mrija, kikajazwa ndani ya mshipa ili kuupanua mrija. Kifua kikambana Harub, akang'ang'ania ukingo wa kitanda. Kiputo kikanywea. Damu ikapita, mshipa ukajaa mpaka vitawi vya mwisho.

"Subhanallah! Yule ni mimi?"

"Ni wewe, Ami."

Miezi ikapita, akimeza vidonge vyake bila ya kukosa. Walipompiga picha tena, mshipa ulikuwa wazi, haukuota kitu. Harub akambusu Dokta Masouda utosini kama mwanawe.

"Na magoti yangu haya, hamna mrija wake?" Kheiria aliuliza.

"Bado, Khalati. Wanatafuta."

"Waambie wafanye haraka."

Kutoka hapo Harub hakushika njia ya nyumbani. Aliendesha mpaka Qurum, wakatembea ufukweni, yeye anasimulia na kupunga mikono, hapumziki, mpaka Kheiria akamvuta kanzu.

"Harub, hebu tukae. Mwenzio nnachoka."