Shuka Juu ya Mlingoti

Mtu mmoja aliingia dukani kabla Akoth hajamaliza kufungua madirisha. Alikuwa Mmaasai mrefu, koti la suti juu ya shuka, na vumbi la Kitengela lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi. Hakuangalia dawa. Alimwangalia Akoth kuanzia viatu mpaka koti jeupe, kama mnunuzi anayekagua fahali asiyemwamini.

“Ni wewe rubani?”

Mburu, mwenye duka, alicheka nyuma ya kaunta. “Mzee, hapa tunauza dawa. Ndege ni wikendi.”

“Hata wikendi siku hizi hakuna,” Akoth alisema.

Alikuwa amesomea ufamasia kwa sababu mama yake alitaka, na urubani kwa sababu moyo wake ulitaka. Corona ilipofunga anga, kampuni iliwaachisha kazi marubani vijana kwanza, na Akoth akarudi kwenye vidonge na chupa. Aliamini mambo ya angani yamekwisha mpaka Ojwang alipomtafuta. Rubani huyo mzee, ambaye kila mtu alimwita Jaduong', alimwambia duka halina ubaya wowote, lakini Jumamosi duka lina Mburu. Akamfundisha upya, kwa subira, kama mtu anayemzoesha ndama kamba. Mwaka mzima Akoth aliuza dawa siku za kazi, na wikendi alibeba wagonjwa na chanjo kutoka uwanja mdogo nje ya mji.

Mwezi uliopita Ojwang alitua kwenye uwanja wa nyasi ng'ambo ya Kajiado, uwanja alioujua kama kiganja chake. Ndege haikusimama. Ilipita mwisho wa uwanja, ikaingia korongoni, na Jaduong' akafa humo. Wachunguzi walisema ndege haikuwa na kasoro. Matangani watu walinong'ona kwamba mzee alikuwa amekunywa. Tangu siku hiyo Akoth hakuwa ameruka.

“Naitwa Parmuat,” mgeni alisema. “Niko na mama hospitali hapa juu. Ojwang ndiye alituleta.”

Akoth aliweka funguo chini.

Daktari alikuwa amewaambia wampeleke mama nyumbani. Alikuwa amebakiza siku moja, labda mbili. Gari lingemmaliza njiani, maana baada ya Kajiado hakuna barabara, kuna mawe. Na mama mwenyewe hakutaka gari. Alipokuwa akiletwa alilala chali nyuma ya ndege, akaona bati la dari tu safari nzima. Ojwang akamwambia asijali, siku ya kurudi atakaa mbele, aone nyumba yake kutoka juu.

“Anauliza kila asubuhi,” Parmuat alisema. “Nimemwambia huyo mtu amekufa. Anasema basi kuna mwingine.”

“Leo ni Alhamisi,” Mburu akasema, ingawa sauti yake ilikuwa imepoa.

“Najua ni Alhamisi, boss.”

“Na hapa nitabaki na nani? Mimi nikiuliziwa dawa ya presha nitauza ya minyoo.”

“Basi angalau hawatakuwa na minyoo.”

Mburu alijikuna shingo, akamwangalia yule mgeni, kisha akauchukua ufunguo wa kabati la dawa kali na kuutia mfukoni mwake. “Enda. Lakini urudi, daktari. Umesikia? Urudi.”

Njiani kwenda hospitali, Parmuat aliongea kama mtu aliyenyamaza muda mrefu. Alisema uwanja uko sawa, hauna mifugo. Mfuko wa upepo tu ndio ulichanika. Ule mfuko mwekundu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti, unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Dhoruba iliupasua siku moja alipokwenda nyumbani kuangalia ng'ombe.

“Nikafunga shuka yangu,” alisema. “Ile ya baridi, mpya. Nilijua Ojwang anakuja kesho yake na chanjo. Nikasema asipotee.”

“Asante,” Akoth alisema. Alikuwa akiiwaza mikono yake, kama ingetetemeka. Walipofika uwanjani alimwomba Isaak, mwenye ndege, mfuko mpya wa upepo, akautupa nyuma ya kiti.

Mama aliitwa Ng'oto Parmuat, yaani mama yake Parmuat, na alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Walimfunga mkanda kwenye kiti cha mbele, mto ubavuni, blanketi magotini.

“Takwenya, yeyo,” Akoth alimwamkia kwa Kimaasai, akimwita mama.

“Iko,” bibi akaitikia, na macho yake yakawa tayari nje ya dirisha.

Akoth alimvika vipokea sauti masikioni ili wasikizane. Parmuat alikaa nyuma, ambapo ngurumo ya injini humeza kila neno. Mikono ilitetemeka, kweli, mpaka magurudumu yalipoachana na ardhi. Baada ya hapo ilitulia, na Akoth aliona uchungu kwamba ilitulia upesi hivyo.

Chini yao mabati ya Kitengela yaliisha, uwanda ukaanza, umekauka, rangi ya ngozi ya simba. Bibi alitazama chini mpaka walipoipita Kajiado. Hapo aliinua kidole.

“Kilima yangu.”

Akoth akakizunguka mara moja, polepole, upande wa bibi ukiwa chini. Bibi aliona boma, aliona kisima kilichokauka, aliona mti ambao alizalia chini yake. Alicheka kidogo na kicheko kikamuumiza.

Kisha uwanja ulitokea, na mwisho wake lile korongo, na juu ya mlingoti ile shuka. Ilikuwa imening'inia wima, nzito, kama paja la mbuzi kwenye kulabu. Hapana upepo, Akoth alijiambia, akajipanga kutua kutoka kaskazini, njia ambayo Ojwang alikuwa akiipenda.

“Nakerai, mwanangu,” bibi alisema. “Hiyo nguo imelala. Mbona vumbi inakimbia?”

Akoth akatazama. Nyuma ya kundi la mbuzi, vumbi lilikuwa likikimbia kusini, kasi, chini chini. Aliongeza nguvu ya injini, akainua ndege, akageuka kwenda upande wa pili.

“Kwa nini tumerudi?”

“Ndege inatua ikiangalia upepo, yeyo. Upepo ikiwa nyuma, inasukumwa. Haisimami.”

Bibi aliangalia vumbi tena. Vidole vyake vilikunja blanketi na kulikunjua.

“Siku alianguka yule mzee, kulikuwa kumenyesha?”

“Kulinyesha usiku.”

“Basi hakukuwa na vumbi.”

Akoth aliitazama tena ile shuka. Wiki zote hizo alikuwa akitafuta sababu, na sababu ilikuwa ikining'inia hapo mbele ya macho ya kila mtu. Wachunguzi waliipita. Nani angeuliza habari ya shuka katika nchi ya Wamaasai? Jaduong' hakuwa amekunywa. Alikuwa ameamini kitambaa kizito ambacho upepo haukuweza kukiinua.

Bibi aligeuza shingo kwa taabu, akamtazama mwanawe aliyekuwa amebandika paji la uso kwenye kioo.

“Ile nguo ni yake, na niko na yeye tu,” alisema. “Usimwambie.”

“Yeyo, yule mzee ana mke. Watu wanasema alikuwa mlevi.”

“Usimwambie yeye, wala mtu mwingine. Maneno iko na miguu.” Alivuta pumzi, ikamchukua muda. “Najua naomba nini.”

Uwanja ulikuwa ukiwakaribia, na korongo sasa lilikuwa nyuma yao. Akoth alitua, magurudumu yakagusa, ndege ikapunguza mwendo yenyewe, kwa upole.

“Sitasema,” alisema, ndege ikiwa bado inajongea juu ya nyasi.

Wanawake walimpokea bibi kwa nyimbo za chini. Akoth alimwomba Parmuat apande mlingoti afunge mfuko mpya. Alipanda, akaishusha shuka, akaikung'uta.

“Kwani yangu ilikuwa na makosa?” aliuliza akitabasamu.

Akoth alijifanya anakagua tairi. “Hapana. Hii ni ya kampuni. Kila uwanja lazima uwe nayo.”

Mfuko mwekundu ulijaa upepo papo hapo, ukanyooka kama mkono. Parmuat aliutazama kitambo, zaidi ya ilivyohitajika, au labda ilikuwa mawazo ya Akoth. Kisha akaenda kumfunika mama yake kwa ile shuka, maana alikuwa akisikia baridi.

Ng'oto Parmuat alifariki Jumamosi, nyumbani kwake.

Jumapili, kama Jumapili zote, Shirleen, mjane wa Ojwang, alipiga simu. Alieleza kwamba kanisani wameacha kukaa kwenye benchi lake. Alieleza kwamba mtoto amerudi kutoka shule akilia, wenzake wamemwambia neno juu ya baba yake. Kisha akauliza lile aliloliuliza kila mara.

“Akoth, umesikia chochote?”

Duka lilikuwa limefungwa, na Akoth alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mburu, koti jeupe magotini. Alifungua mdomo. Alimwona Parmuat juu ya mlingoti, akiikung'uta shuka yake vizuri ili isichafuke.

“Bado, dada,” alisema. “Bado.”