Muhuri wa Mheshimiwa Mulindi

Arnold Mulindi mimi simwogopi. Namjua tangu hana kitambi. Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa dalali wa mahindi pale sokoni kwetu, tena dalali wa kupunja, anayekanyaga mizani kwa kidole cha mguu huku anakuuliza mama hajambo. Mwaka ule mgombea wa maana aliugua wiki mbili kabla ya makaratasi kupelekwa, chama kikamwokota yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Hivyo ndivyo tulivyopata diwani.

Alikaa vipindi viwili. Daraja la mtoni alilizindua mara tatu, na kila mara alikuja na jiwe jipya la msingi. Mawe yapo, daraja hakuna, na akina mama wanaanikia nguo hapo. Alihama vyama vinne, na kila akihama alienda redioni kusema wananchi ndio waliomtuma. Tulimtuma lini? Kura zilipomtema, akatangaza kwamba sasa anautaka ugavana. Gavana naye si mjinga. Alimbunia cheo, Mwakilishi wa Gavana katika Nchi za Ghuba, akamkatia tiketi ya Doha. Kaunti yetu haina eksirei inayofanya kazi, lakini mwakilishi wa Ghuba inaye.

Mimi niko Doha mwaka wa tatu. Nilisomea uuguzi, ila viza niliyopata ilikuwa ya kazi za nyumbani, kwa hiyo namtunza bibi mmoja kule Muaither. Namwogesha, nampa dawa, nasikiliza akinitajia majina ya wajukuu. Sina neno naye. Lakini mimi ni muuguzi, na kila nikipita hospitali roho inaniuma. Mwaka huu kliniki moja ya mtaa wa The Pearl ilinifanyia usaili ikanikubali, na bosi wangu akakubali kuniachilia. Kilichobaki kilikuwa cheti. Hapa cheti hakitambuliwi mpaka kigongwe mihuri kwa nyuma: ya nyumbani, ya ubalozi, kisha ya wizara yao. Na si nakala, ni cheti chenyewe. Mihuri ya nyumbani nilikuwa nayo tayari. Miadi ya ubalozi ilikuwa Jumapili, na kliniki ilinipa mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa Ijumaa Terry, rafiki yangu ambaye ni mlinzi wa duka kubwa, akanivuta twende kwake Al Thumama, ambako Mwakilishi angekutana na watu wa kaunti.

"Beba hicho cheti," akaniambia. "Pengine anajua mtu pale ubalozini, usipige foleni. Si Jumapili umepewa ruhusa ya masaa mawili tu?"

Nikamwambia yule hajui mtu, anajua maikrofoni. Lakini cheti nilikitia mkobani. Hapo nilijiponza mwenyewe, na sitaki mtu anionee huruma.

Tulikuwa watu kama thelathini, tumekaa chini kwenye zulia, biriani inapoa, maana kwetu mgeni wa heshima hajaongea huwezi kugusa sahani. Alichelewa saa moja na nusu. Alipoingia aliweka kibendera juu ya meza ya Terry, akavuta pumzi, akasema itifaki izingatiwe. Itifaki gani, na sisi tumevua viatu? Akaanza: sisi kama serikali, mimi na Gavana, juzi nikimwambia Gavana. Debe tupu haliachi kuvuma. Walinzi ambao basi la kampuni lingewaacha walikuwa wanatazama saa, yeye anatueleza alivyolala hoteli ya vioo. Mwishowe akauliza kama kuna mwenye shida. Terry akaninyanyua mkono.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mama Phoebe, Mheshimiwa. Pale chini ya josho."

"Ala! Nyumbani kabisa. Hebu leta hiyo karatasi."

Nilimweleza kwamba sihitaji karatasi, nahitaji tu kama anamjua mtu wa kunisaidia na foleni. Hakunisikia, mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba wangu ukatoka na cheti. Kwetu kila kitu hupitia kwa diwani kikagongwe: fomu ya basari, fomu ya kitambulisho, hata barua ya kuomba hema la matanga. Mtu aliyegonga miaka kumi haulizi tena anagonga nini. Akatoa mfukoni mwake muhuri mkubwa wa duara wenye jina lake, akaupulizia pumzi, akaushindilia kwenye uso wa cheti changu, juu ya jina langu. Halafu akatia sahihi kwa wino wa kijani, kutoka pembe hadi pembe.

"Nione sasa nani atakukatalia," akasema.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Tena nikasema asante Mheshimiwa, huku nikichekea simu zilizokuwa zinatupiga picha. Naona haya mpaka leo. Ulimi uliokuzwa na "ndiyo Mheshimiwa" haujui neno lingine.

Jumapili karani wa dirishani hakuwa na ubaya wowote. Alikigeuza cheti, akakigeuza tena, akaniuliza nani amefanya hivi. Nikamwambia.

"Pole, dada," akasema. "Hiki kimeshachorwa juu, nikikigonga wizara watakirudisha. Omba chuo wakupe kingine."

Kesho yake nikapiga simu chuoni. Wakasema cheti cha pili huchukua miezi sita, isipokuwa mwenyekiti wa bodi aidhinishe mwenyewe. Na mwenyekiti ni nani? Rafiki wa Mulindi tangu enzi za mahindi. Nilimpigia Mheshimiwa mara tisa. Ya kumi akashika.

"Muhuri wangu umekataliwa? Hao ni wapinzani," akasema. Kuomba radhi, hapana. "Lakini tulia. Mwenyekiti ni mtu wangu, ni simu moja tu. Na wewe nifanyie kitu kidogo. Nirekodie sauti, dakika moja, useme vile nimekupatia kazi ya kliniki. Nataka kuituma kwa magrupu ya nyumbani. Mambo ya kura yanakaribia."

"Lakini sijapata kazi, Mheshimiwa."

"Si utapata? Tunatangulia tu."

Zilibaki siku tisa. Nilisimama jikoni Muaither na simu mkononi, nikimchukia, na cheti nakitaka kuliko nilivyomchukia. Nikarekodi. Akanijibu kwamba sina furaha. Nikarekodi tena. Akasema nimesahau kumtaja Gavana. Mara ya tatu nilicheka katikati, nikamwita baba yetu, nikawaambia watu wa nyumbani wasihangaike tena kwa kuwa Ghuba tuna mtu. Ilitoka vizuri, hata mimi nilipoisikiliza niliona kama ni kweli.

Sijui kama ile simu ya mwenyekiti iliwahi kupigwa. Mheshimiwa hakushika tena zangu. Mwezi uliisha Jumatano, kliniki ikachukua mtu mwingine, nami nikaendelea kumwogesha bibi. Nyumbani sauti yangu ilizunguka mpaka makanisani, mama akawa anasimamishwa njiani na kupongezwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Wiki iliyopita Terry akanipigia, ana mgeni. Nikaenda Al Thumama, nikamkuta Daisy, msichana wa kata yetu, mfanya usafi wa hoteli aliye na diploma ya upishi. Alikuja na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na cheti chake chenyewe, kisafi kabisa. Alitaka nimpeleke kwa Mheshimiwa kikagongwe.

Nilimkalisha chini nikamwambia yote: muhuri, wino wa kijani, dirisha, miezi sita. "Usimpe," nikamwambia. "Ile sauti nilidanganya. Aliniambia niseme."

Daisy akatoa simu yake, akanichezea sauti yangu kuanzia mwanzo, na kile kicheko, hadi mwisho.

"Mbona hapa unacheka hivi, dada?" akaniuliza.

Akairudisha bahasha mkobani taratibu, akamgeukia Terry, akamuuliza Mheshimiwa anapatikana siku gani.