Aliyepokelewa Haendi Nyumbani

Simu ya Theoneste ilikuwa nzima. Chaji ilikuwa nayo, mtandao ulishika vizuri pale kwenye kichuguu nyuma ya kibanja chake cha migomba cha Kamuli, na binti yake Uwiduhaye aliyeolewa Mwanza akipiga, iliita mpaka kuku wakashtuka. Lakini tangu masika yaishe, simu aliyoisubiri haikuja: ile ya kumwambia kuna mgonjwa, njoo kwenye machela.

Kwenye vilima vile kuna nyumba ambazo gari halifiki, na pikipiki ikifika inamwongezea mgonjwa ugonjwa. Ndiyo maana watu wana chama cha machela. Wanyambo wanaiita engozi, akina Theoneste, ambao wazazi wao walitoka Rwanda, wanaiita ingobyi, na mgonjwa aliyelala juu yake hajali inaitwaje. Ni miti miwili na kitanda cha kusuka katikati, watu wanne mabegani, na wengine nyuma wanakimbia mikono mitupu. Anayebeba akichoka anasema neno moja tu, "Nipokee," na bega jingine linaingia chini ya mti bila machela kusimama. Aliyepokelewa haendi nyumbani. Anakimbia nyuma na wenzake, maana mlima bado upo na zamu yake itarudi.

Theoneste alianza kubeba ndevu zikiwa ndiyo zinachomoza, na sasa zilikuwa nyeupe. Alibeba wajawazito, alibeba walioumwa na nyoka, alibeba mlevi mmoja aliyedhaniwa amekufa, akaamka njiani akauliza nani amemlipia nauli. Hakuna aliyewahi kuanguka kwenye zamu yake. Mpaka masika yale. Walikuwa wanamteremsha bibi Kokubanza kwenda barabarani, Theoneste yuko mti wa mbele kulia, goti likakunjika, machela ikalala upande, na bibi akazama kwenye tope hadi masikioni. Hakuvunjika. Aliwatukana wote mpaka zahanati, kwa hiyo walijua ni mzima.

"Tope," alisema Theoneste siku hiyo. "Tope lile lingemwangusha hata ng'ombe."

Kila mtu akaitikia: kweli, tope. Kisha simu ikanyamaza. Aliona machela ikipita ng'ambo ya bonde, akahesabu vichwa, akajua nani yuko wapi, na yeye yuko nyumbani amekaa na jembe. Mwishowe alimuuliza Edgar, kiongozi wa chama, kijana ambaye yeye mwenyewe Theoneste ndiye alimfundisha namna ya kuweka bega.

"Hatukutaka kukusumbua, mzee," Edgar alisema, macho kwenye kahawa aliyokuwa anaianika.

Neno hilo "mzee" lilimkaa Theoneste kooni kama mwiba wa samaki.

Kiangazi kilipokomaa yakatangazwa mashindano ya kupokezana kijiti, kutoka Kamuli kule Kyerwa mpaka Kiruruma upande wa Karagwe. Timu ni watu wanne, mmoja wao lazima mwanamke. Zawadi ya wa kwanza fahali, wa pili beberu, wa tatu makofi. Chama cha machela kikajiandikisha siku hiyohiyo, kwani kupokezana ndiyo kazi yao, nani angewafundisha? Edgar, Gaudiosus, Joanitha mke wa Gaudiosus, na Projest. Zikiwa zimebaki siku chache, Projest akaenda Mutukula kwenye harusi ya binamu yake, na harusi ikamnogea, hakurudi.

Jioni hiyo Theoneste akapiga hodi kwa Gaudiosus.

"Karibu, Theo. Ukiona kiti kaa, usipokiona kaa hivyohivyo."

Edgar naye alikuwepo. Akainuka nusu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mnatafuta mtu wa nne."

"Tunatafuta," alisema Gaudiosus, akitazama paa kana kwamba mtu huyo angedondoka kutoka huko.

"Mmempata."

Joanitha alikuwa analeta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Akakiweka mezani polepole, asije akakosa neno hata moja.

"Theo, rafiki yangu," Gaudiosus akaanza, "hizi mbio si za kwenda kuchungulia mtego wa fuko."

"Kwani wewe utazimudu?" mkewe akamdaka. "Wewe unayepumua kama pampu ya baiskeli tukipanda kwenda misa?"

"Mimi nina mapafu, mama."

"Una mdomo. Mapafu tutayaona."

Theoneste hakucheka. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, na alimwambia Edgar, si mwingine. "Nikimaliza kipande changu, kukiwa na mgonjwa mnanipigia kama zamani. Nisipomaliza, msinipigie tena, na mimi sitauliza."

Edgar alitafuna punje yake ya kahawa muda mrefu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo lilimfanya Theoneste ashindwe kujua kama anadharauliwa au anahurumiwa. "Chukua kipande cha kwanza," akasema. "Kina mteremko mzuri."

"Sikuja kuomba mteremko. Nipe cha mwisho."

"Cha mwisho kina mlima wa Kiruruma, shemeji," Joanitha akasema kwa upole.

"Nimeuona huo mlima kabla hamjazaliwa."

Basi wakampa.

Siku ya mbio Theoneste alisubiri kwenye kituo chake, pamoja na wakimbiaji wa mwisho wa timu zote, wote vijana, wanarukaruka kama ndama. Kanuni walisomewa asubuhi na msimamizi, bwana mmoja aitwaye Allen, mwenye pikipiki na kitambaa chekundu: kila mtu akimbie kipande chake peke yake, kijiti akishike mara moja tu, na akishakitoa aondoke barabarani apande lori. Theoneste alisikia kanuni hiyo kama watu wanavyosikia matangazo ya kanisani.

Lori likafika kabla ya wakimbiaji. Gaudiosus akaruka chini likiwa halijasimama vizuri.

"Theo! Tuko wa pili! Tuko wa pili, na mke wangu amenifukuza barabarani kama mbwa wa jirani!"

"Nimfanyeje?" Joanitha alikuwa bado anahema. "Nimeshachukua kijiti, nakimbia, nasikia mtu nyuma yangu anakoroma. Nikajua wa Isingiro wamenifikia. Nageuka, kumbe bwana huyu! Amenipa kijiti na bado anakuja!"

"Miguu ilikataa kusimama. Nimepokelewa, lazima nifuate."

"Na wewe, shemeji?" akauliza Theoneste.

Joanitha akafuta jasho, akatazama pembeni. "Mimi nilivyompa Edgar nilipitiliza mashamba mawili tu."

Allen akasimamisha pikipiki karibu yao, vumbi limemgeuza nyusi kuwa za babu. "Nyie watu wa machela mna ugonjwa gani? Nimewaonya mara mbili. Nikimkuta mwingine anamfuata mwenzake barabarani, mnatoka, na beberu mtamwona kwa wenzenu."

"Tumesikia, mkubwa," Gaudiosus akasema kwa adabu, na pikipiki ilipoondoka akaongeza, "Huyu hajawahi kubeba hata kuku."

Timu ya Kiruruma ikapita, kijiti kikabadilisha mikono, kijana akachomoka. Kisha Edgar akatokea kwenye kona, fulana yake ya njano imelowa yote. Theoneste alianza kukimbia kabla hajafikiwa, kama afanyavyo mtu anayepokea bega, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Kijiti kikaingia. Hakuna timu iliyopokezana vizuri namna ile siku hiyo.

Mwanzo miguu ilikuwa yake. Barabara ilikwenda tambarare kati ya migomba, watu wamejipanga kingo zote, na kwa kuwa huku hawakumfahamu, walimwita walivyotaka.

"Babu! Umesahau mkongojo!"

"Nimeuacha kwenu, baba yako anautumia!"

Wakaangua kicheko, naye kicheko kile kikamsukuma kama upepo. Alimwona kijana wa Kiruruma mbele, hakuwa mbali. Akaanza kufikiria fahali.

Halafu akaona kitu cha njano kwenye migomba, upande wa kulia, kinakwenda sawa na yeye. Kinapotea, kinatokea. Alijua ni nini kabla hajakitazama vizuri, na damu ikampanda.

"Edgar!"

"Niko shambani, mzee. Siko barabarani." Sauti ilitoka ng'ambo ya mtaro, kwenye njia ya wenye vibanja.

"Nani amekutuma unifuate?"

"Miguu."

"Miguu gani! Ya Gaudiosus ni miguu. Wewe unanilinda kama yai. Hamniamini!"

Edgar alikaza mwendo. Akaruka mgomba ulioanguka. Kisha akasema, "Ndiyo. Hatukuamini."

Theoneste nusura asimame. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo tangu masika.

"Si kwa umri," Edgar akaendelea, maneno yakikatika kwa mwendo. "Gaudiosus ni rika lako. Yeye anaomba kupokelewa hata hatujavuka uzio wake, na tunampokea, tunamcheka, tunakwenda. Siku ile ya bibi nilikuwa nyuma yako. Tangu mtoni niliona goti linatetemeka. Nikasogea karibu. Nikasubiri useme. Hukusema."

"Lilikuwa tope."

"Tope lilikuwepo," Edgar akasema.

Migomba ikawa minene hapo, njano ikapotea. Na mlima ukaanza.

Mlima wa Kiruruma hauna hasira. Unapanda kidogo, unakupa kona, unadhani umefika, kumbe ndiyo kwanza unakusalimia. Kona ya kwanza Theoneste aliipita kwa kuuma meno. Ya pili aliipita kwa sababu alikuwa na hasira na Edgar. Alijua kwamba kama angetembea tu, mguu mmoja mbele ya mwingine, huenda angefika. Wa Isingiro wangempita, beberu angekwenda, lakini angekuwa amemaliza, na neno ni neno, wangempigia. Wangelazimika kumpigia.

Kisha goti likaanza. Kwanza kama kamba iliyolegea, kisha likawa linacheza lenyewe, bila ruhusa. Alilijua tetemeko hilo. Lilianza hivihivi pale mtoni, bibi Kokubanza yuko begani anaomba rozari, na yeye akajiambia: mpaka pale kwenye mti. Walipofika kwenye mti akajiambia: mpaka kwenye jiwe. Na watu wanne nyuma yake wana mabega matupu.

Mbele yake palikuwa na nguzo ya umeme. Mpaka pale kwenye nguzo, alijikuta anasema.

Akasikia miguu ya mtu wa Isingiro inakuja kwa chini. Akaona watu kwenye ukingo, midomo wazi, wanapiga kelele ambazo hazikumfikia. Hakuona njano popote. Huenda Edgar alikuwa amekasirika, ameachia njia, amekwenda kupanda lori kama kanuni inavyotaka. Angekuwa na haki.

Theoneste akavuta hewa yote iliyokuwepo.

"Nipokee!"

Fulana ya njano ilitoka kwenye migomba kama swala. Edgar aliruka mtaro, akaingia barabarani mbele yake, mkono nyuma, hakutazama. Kijiti kikatoka mkono huu kikaingia ule bila hata mmoja wao kupunguza mwendo. Watu wakashangilia kwanza, halafu wakaulizana wanashangilia nini. Kutoka nyuma, honi ya pikipiki ya Allen ililia kama mtu aliyefiwa.

Theoneste hakusimama. Alichechemea nyuma ya Edgar, mikono mitupu, kona moja baada ya nyingine, mpaka juu uwanjani.

Walifika wa pili, na dakika hiyohiyo wakawa si wa pili. Allen alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wametolewa, akarudia kwa wale wa nyuma. Beberu akakabidhiwa watu wa Isingiro. Alikuwa beberu mkubwa, mweupe, mwenye madoa.

"Ametutazama," Gaudiosus alilalamika. "Nimemwona kwa macho yangu. Alijua sisi ndio wenyewe. Nimekimbia toka Kamuli kwa ajili ya kunusa mbuzi!"

"Ulikimbia mpaka kanisani, ukakokotwa na lori," Joanitha akasema. "Mpishe mwenzio apumue."

Theoneste alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kichwa ameinamisha. Joanitha akampa chupa ya maji. Akanywa, akajimwagia kichwani yaliyobaki, akamtafuta Edgar kwa macho.

"Sikumaliza," akasema. "Tulikubaliana. Na nimewapotezea beberu. Sitauliza tena."

Edgar akachuchumaa mbele yake. Alikuwa bado na kile kijiti, hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

"Keshokutwa tunamteremsha Niyomugabo," akasema. "Mguu wake umevimba mpaka pajani, gari la hospitali litasubiri barabarani. Tunapita kwako alfajiri."

"Edgar, nilisema nisipomaliza..."

"Nilikusikia uliposema. Na pale mlimani nimekusikia pia."

Gaudiosus akaacha habari za mbuzi, akasogea karibu.

"Lakini mbele siyo kwako tena," Edgar akaendelea, na safari hii alimtazama usoni. "Utashika mti wa nyuma, upande wa kushoto."

Theoneste alifikiri. Mti wa mbele kulia ulikuwa wake tangu baba yake Edgar bado anakwenda shule. Akapapasa bega, kwanza moja, kisha la pili, kama mtu anayenunua ndizi.

"Kushoto hapana," akasema. "Bega la kushoto linaniuma tangu mwaka juzi. Sikuwaambia."

Joanitha alimtazama mumewe. Mumewe akapapasa bega lake mwenyewe.

"Basi kulia," alisema Edgar.