Masaa Tisa ya Shangazi

Ofisini kwetu, ukitaka kujua nani kanuniana na nani na bosi kaamkia upande gani, unasimama nyuma ya kiti cha Redio. Tunachora ramani za majengo, wachoraji kumi na wawili ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na Redio ni mmoja wao, ila mdomo wake hauna swichi. Kiti hicho lakini aliyekikalia hasa ni shangazi yangu.

Shangazi ndiye mkongwe wa pale. Wanamwita Bi Rula, maana akipiga mstari kwa mkono, rula ndiyo inaonekana imepinda. Mtu akikwama, ngazi haifiki juu au choo kimeangukia jiko, anaita tu: "Bi Rula, njoo unisitiri." Anakuja na kikombe chake cha chai, anamsukuma mtu kwa nyonga, anautazama mchoro kimya mpaka chai inapoa, kisha anabonyeza mara nne tano na kazi imekwisha. Ndiye aliyeniombea kazi hapo, niwe mtu wa kompyuta.

Zamani leseni za programu ya kuchorea zilikuwa za kupokezana. Zilikuwa nane, wachoraji kumi na wawili. Aliyewahi alichora, wengine walisubiri kama foleni ya bafu, na umbea ulinoga hapo. Kampuni kubwa ilipotununua, kila mtu akapewa leseni kwa jina lake. Niliwaeleza mkutanoni: "Hii ni kama mswaki. Wako ni wako, hauazimwi."

"Bi Rula," Redio akasema, "basi usinipigie mswaki tena."

Watu wakacheka. Dakika tano baadaye alikuwa anamwita.

Barua ya kampuni ilikuwa na aya ya mwisho. Niliisoma, nikaipita. Ilisema programu inaandika kila jina limefunguliwa lini na mkono umefanya kazi dakika ngapi. Kila miezi mitatu inatoka ripoti ya matumizi. Jina lisilofikisha masaa arobaini ni leseni iliyolala, nayo inaondolewa. Mchoraji asiye na leseni, kwa hao wenye kampuni, si mchoraji tena, na kazi hana. Nikajisemea, nani hapa hachori?

Zikiwa zimebaki siku nne za kazi, nikaichungulia ripoti. Wa kwanza Redio, masaa mia nne na ushee. Wa mwisho shangazi.

"Tisa?" aliniuliza.

"Tisa."

"Ya leo?"

"Ya miezi mitatu, shangazi."

Akaweka kikombe chini. "Kiambie hicho kidude kimuulize Redio ile ramani ya shule nani kamchorea."

"Hakiulizi. Kinasoma jina lililofunguliwa. Ukikaa kwa Redio, aliyefanya kazi ni Redio."

"Kwa hiyo mimi miezi mitatu nilikuwa natembea tu humu ndani na chai. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, mwanangu. Wanaonitegemea nyumbani unawajua, umekulia humo humo."

Nikaenda kwa bosi. Akapandisha mabega: "Hata jina langu limo humo, na mimi wananihesabu." Nikawaandikia makao makuu barua ndefu, nikaeleza yote. Jibu lilikuja kabla sijanyanyuka kitini: ombi limepokelewa, uamuzi hufuata matumizi yaliyorekodiwa. Nikaandika tena. Likaja lile lile, hata nukta haikuhama.

Ikabaki akae kwenye meza yake. Nikabandika karatasi: BI RULA ASIITWE. Siku ya kwanza alishinda hapo asubuhi mpaka jioni. Nikaangalia: masaa mawili na nusu.

"Shangazi, chezesha mkono. Ukitulia hakihesabu."

"Niuchezeshe uende wapi? Bado nafikiri."

Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Redio, dhamiri ikimsuta, akaja wakati wa chakula kumfanyia zamu. Alichora nyumba yenye vyoo kumi na tisa. "Familia ina matumbo," akasema. Shangazi aliporudi akaifuta yote. "Jina langu limeandikwa hapo juu," akamwambia. "Mtu akiuona uchafu huu atasema ni wangu."

Siku ya nne, alasiri, mteja wa zahanati alikuwa amekaa mapokezi anatingisha mguu, na mchoro wa Redio umegoma. Redio hakuita. Alitazama ile karatasi niliyobandika, akatazama kioo cha kompyuta yake, jasho linamtoka. Lakini Redio akinyamaza chumba kizima kinajua kuna msiba. Shangazi akainuka.

"Shangazi, kaa," nikamwambia. "Leo ndiyo mwisho."

"Nimebakiza mangapi?"

Nikampa hesabu. Hata angekesha yasingetimia, na yeye alishalijua hilo kabla yangu.

"Basi niache," akasema. "Mlango ule machela haipiti. Mgonjwa watampitisha dirishani?"

Akamsukuma Redio kwa nyonga. Alikaa pale mpaka jioni, na dakika zote zikaenda kwa Redio.

Asubuhi ripoti ikatoka: shangazi, masaa kumi na tisa. Redio akatumiwa pongezi, mtumiaji bora wa robo mwaka. Mimi nikatumiwa amri ya kuondoa leseni iliyolala. Nisipoiondoa, ilisema, adhuhuri itajiondoa yenyewe.

Shangazi akavuta kiti akakaa kando yangu. "Bonyeza wewe. Afadhali mkono wa nyumbani."

"Siwezi, shangazi."

"Na ukiacha?"

"Itaondoka tu."

"Sasa unaogopa nini?"

Nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza hapana, ikauliza tena. Shangazi akauvuta mkono wangu taratibu, kama alivyokuwa akinishika nilipojifunza kuandika, tukabonyeza ndiyo.

Akaenda kusuuza kikombe. Redio alikuwa amekaa nusu kiti, pembeni, ameacha nafasi ya mtu kukaa.