Siku Zisizo na Mwenyewe

Binti yangu Mahoro alihesabu eda yangu kwa kalenda ya simu. Mimi niliihesabu kwa mwezi unaoandama, kama dini inavyotaka na kama mama alivyonifundisha. Miezi ya mbinguni ni mifupi kuliko ya simu, kwa hiyo kwangu eda ilikwisha Jumatano, na kwa Mahoro ilikuwa iishe Jumapili. Sikumdanganya. Hakuniuliza.

Jumapili hiyo ndiyo angekuja na gari kutoka Kigali kunichukua. Mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Baada ya arobaini ya mume wangu Hamdani, ndugu walikaa sebuleni wakaamua nyumba yetu ya hapa Kamembe ipangishwe, cherehani yangu apewe shemeji, nami nikakae kwa Mahoro nimlelee mtoto. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikuwapo, chumba cha pili, nikisikia kila neno, na langu halikuwapo. Walipomaliza, Mahoro akaja kuketi kitandani kwangu, akanishika mkono.

"Mama, eda ikimalizika utakuwa libre. Hautashona tena. Utapumzika tu na mutoto."

Kupumzika na mtoto yule! Namjua, hupanda makabati.

Basi nikajikuta na siku chache ambazo hakuna aliyezijua isipokuwa mimi na Mungu. Kwa watu nilikuwa bado ndani. Maisha yangu yote siku zilikuwa na mwenyewe: za baba, kisha za mume, kisha za watoto, kisha za wateja wanaoleta kitambaa usiku wa kuamkia Idi na kutaka nguo asubuhi. Hizi hazikuwa za mtu. Nilizishika kwa woga, kama sahani ya kuazima.

Nilijua ninakotaka kwenda. Miezi yote ya eda nilikuwa nikikitazama kisiwa cha Nkombo kupitia dirishani, nikikitamani. Hamdani alikuwa seremala, na kila mwaka aliniahidi kwamba tungevuka pamoja, akishamaliza kitanda cha mtu fulani. Vitanda havikwisha. Akaisha yeye.

Alhamisi asubuhi nilioga, nikapaka mafuta mazuri, nikavaa kitenge changu cha kijani. Simu niliiacha juu ya cherehani. Jirani yangu Nyiraneza alikuwa amekwisha kwenda sokoni na ndizi zake, kwa hiyo hakuna aliyeniona nikitoka. Nikapanda pikipiki hadi mwaloni, nikaingia botini pamoja na wanawake wenye mihogo yao. Hakuna duniani aliyejua niko wapi. Nilicheka chini ya mtandio kama mtu aliyeiba.

Nkombo, nyavu zilikuwa zimeanikwa na mitumbwi imetulia ufukweni. Mvuvi mmoja, Fabien, alikuwa akishona wavu wake wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, uliochanika. Aliniona nimesimama bila mzigo.

"Maman, uko natafuta nani?"

"Siko natafuta muntu."

"Unakuja tu?"

"Ninakuja tu."

Alinitazama kwa heshima kidogo na wasiwasi mwingi, kisha akanisogezea kigoda. Nikamwambia yeye ana bahati, yuko majini, hana wa kumwamuru.

"Miye?" Akacheka. "Miye ninafuata sambaza, Maman. Sambaza inafuata taa. Sasa mwezi inaangaza sana, sambaza haione taa yetu, njo maana batu bote balilala kwa nyumba. Na wakifunga ziwa samaki izae, tunangoja. Muke wangu naye ananingoja."

"Na mwezi inafuata nani?"

"Ile utauliza padri."

Nikamwambia kwetu hatuna padri, tukacheka wote wawili, kisha akarudia wavu wake.

Nilikaa. Upepo ulikuwa mzuri na maji yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Nikatazama ng'ambo, Kamembe, nikitafuta dirisha langu kati ya mabati yote yale yanayometa. Nikalikosa. Nikageuza shingo nikasema, "Hamdani, tazama, kumbe kwetu hakuonekani."

Nilisema kwa sauti. Fabien aliinua kichwa, akakiinamisha tena juu ya wavu.

Nilimtamani mume wangu pale. Kila jioni, miaka yote ile, nilikuwa sijatua hata kikapu, naye juu ya mbao zake huniuliza, "Ulikuwa wapi?" Swali hilo nililichukia. Nilimjibu, "Kwa batu," nikapita jikoni. Niliomba siku moja nifike mahali ambapo hakuna wa kuniuliza. Sasa nilikuwa nimefika, na ningeitoa Nkombo nzima niulizwe mara moja tu.

Niliporudi, jua lilikuwa bado juu. Nyiraneza alikuwa ameketi mlangoni kwangu na simu yangu mapajani; aliisikia ikilia, akaingia kuichukua.

"Mahoro anapiga, anapiga," akasema. "Kila mara ninamwambia uko nasali. Leo umesali kupita askofu, Maman Mahoro."

Simu ikalia tena mkononi mwake. Niliichukua.

"Mama, dimanche utakuwa tayari?"

"Njoo, mwanangu. Lete na mtoto, nitawapikia. Lakini siondoki. Na cherehani haiondoki."

Nilisikia mtoto akiangusha kitu huko nyuma.

"Mama, hata mume hauna tena. Huko peke yako, nani atajua uko wapi?"

Nilimwambia tutaongea Jumapili, nikaiweka simu chini. Shemeji angekuja juu, najua, na ukoo mzima ungekaa tena sebuleni. Safari hii nami ningekaa nao.

Nyiraneza alikuwa akinitazama tangu viatu vyenye mchanga wa ufukweni hadi kitenge cha kijani. Eda haijui vizuri, yeye ni mtu wa kanisa, lakini mchanga anaujua.

"Sasa," akasema, "ulikuwa wapi?"

Machozi yakanitoka. Nikavua viatu, nikaketi karibu naye, nikamweleza yote tangu pikipiki, polepole, bila kuruka kitu, kama ambavyo Hamdani hakuwahi kuelezwa.