Mtandao Uliofika Bandani kwa Nyuki

Nilikosea, nakiri. Niliwaambia nyuki kwamba Manca anarudi nyumbani, kabla Manca mwenyewe hajasema anarudi.

Kijijini kwetu nyuki ni watu wa nyumbani. Mtu akizaliwa, akioa, akifa, unakwenda bandani, unagonga mzinga mara tatu kwa ufunguo wa mlango wa nyumba, unawapa habari kwa sauti ya chini. Ukishawaambia, imekwisha hiyo, lazima iwe. Nyuki hawadanganywi. Mimi nimewadanganya mara moja, Februari, lakini hilo liacheni kwanza.

Manca ni binti yangu wa pekee. Anaishi Norway, anafuatilia maji ya mito kwa kompyuta. Mito yenyewe iko huku kwetu Slovenia, yeye yuko kule. Msiniulize, sielewi. Baba yake, Cene wangu, tulimzika Februari. Manca alikuja siku mbili, akalia amejifungia bafuni, akaondoka. Machi akapiga simu: kazini wamemruhusu kufanya kazi kutoka popote, mradi pawe na intaneti ya kutosha.

"Lakini Mama, sitaki intaneti ya uchafuzi," akasema. "Nitailindaje mito kwa mtandao unaoiharibu? Kila kampuni iulize mambo matatu. Umeme wao unatoka wapi? Vyombo vyao vikichakaa vinakwenda wapi? Na waya ukija kwetu, watakata nini? Ukipata inayojibu vizuri yote matatu, hapo tutaongea habari ya kurudi."

"Nitaipata," nikasema. Kabla simu haijapoa nilikuwa bandani na ufunguo. Manca anarudi. Jamani, mdomo huu!

Aprili ikaingia na ukungu wake. Mchana nilikuwa najilaza kwenye benchi la Cene mle bandani, nyuma ya mizinga, pale alipokuwa akisinzia kila baada ya chakula. Mbao zina joto la nyuki, hewa ina harufu ya nta, na ile sauti yao inakuingia mwilini mpaka hujui umelala au uko macho. Mara nyingine nilimsikia Cene akikohoa nje. Nilijua hakohoi. Nilibaki nimefumba macho hivyo hivyo, nikimsikiliza, na maua ya mitufaha yakiingia mlangoni moja moja.

Kati ya kampuni nilizozipigia simu, wa kwanza kuja alikuwa Bwana Gorazd, wa kampuni moja kubwa ya mjini. Tai ya kijani, karatasi za kijani, zote zimechorwa majani. Nikampa ndara za wageni, akazikataa, akaingia na viatu vyake mpaka jikoni. Hapo hapo nikamchukia. Hata hivyo nikamkatia potica, mkate wetu mtamu wa kokwa za jozi, maana mgeni ni mgeni.

"Umeme wenu unatoka wapi?" nikamuuliza.

"Mama, sisi tunapanda miti!"

"Sikukuuliza miti."

"Elfu kumi kwa mwaka!"

"Wapi?"

"Aa... nje ya nchi."

"Haya. Na waya wenu utapita wapi hapa?"

Akanyoosha uma dirishani. "Pale. Tunachimba moja kwa moja. Ule mti mmoja wa kizee itabidi uondoke, lakini tutakupandia mwingine bure."

Ule mti wa kizee ni mtufaha alioupanda Cene siku Manca alipozaliwa. Nikamfungia kipande chake cha potica kwenye karatasi yake mwenyewe yenye majani. "Kamalizie njiani, baba," nikamwambia, na mlango nikamfungulia.

Baada yake hakuja mtu. Siku zikapita laini, nyeupe, zote zinafanana, nami moyoni naingiwa na baridi. Nyuki wanamsubiri Manca. Manca haji.

Ndipo akatokea Vida, wa ushirika wa bonde letu, msichana wa buti na kofia ya sufu. Alivua buti mlangoni, akauliza, "Ndara ziko wapi, shangazi?" Nikampa kipande kikubwa.

Maswali yangu aliyajibu huku akitafuna. "Umeme tunauzalisha wenyewe kwa maji ya mto, pale kiwanda cha mbao cha zamani. Visanduku vya mtandao tunavitengeneza vikiharibika. Hiki nilichokuja nacho kimeshakaa nyumba mbili. Waya utapita juu, kwenye nguzo zilizopo. Sikati hata jani."

"Na ubaya wake?"

"Agosti," akasema bila kupepesa. "Mto ukipungua, mtandao unakwenda kama kobe. Kuna siku unazimika kabisa. Tungeweza kununua umeme wa makaa ya mawe, tumekataa. Sikufichi, shangazi."

Akaomba kuwaona nyuki. Kufika mlangoni mwa banda akavua kofia na kuteremsha sauti. "Wameshaambiwa habari ya mzee?"

"Wameshaambiwa," nikajibu, macho pembeni.

Nilipompigia Manca, ulimi uliniwasha niifiche ile Agosti. Lakini uongo mmoja ulikuwa umenitosha. Nikamwambia yote.

"Agosti si ndiyo kipindi cha kurina asali?" akasema. "Aweke tu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno, na habari ya kuja hakuigusa.

Vida alipouliza kisanduku kikae wapi, nilimwonyesha dirisha linalotazama bandani. Alipoondoka nikachukua kishikwambi alichoniachia Manca, nikaenda kukaa kwenye benchi la Cene, nikapiga. Uso wa mwanangu ukatokea mzima, hadi kidoa cha shavuni. Nikamgeuzia mizinga aione. Akaanza kulia.

"Mama, nilidhani hutaipata."

"Kuipata nini?"

"Kampuni ya kujibu yote matatu. Nilikupa maswali magumu makusudi. Siwezi kuingia kwenye nyumba isiyo na Baba. Nikiwa huku mbali, ni kama yupo, basi tu hajapokea simu."

Mimi ni mwepesi wa hasira, kila mtu anajua. Siku ile haikuja.

"Na mimi Februari nilikuja hapa na ufunguo," nikamwambia. "Nikagonga mara tatu. Nikawaambia Cene ameenda mjini kununua sukari."

"Sukari?"

"Si ya kuwalisha wao? Kulikuwa na theluji."

Manca akacheka huku machozi yanamtiririka. "Miezi miwili mjini! Mama, watadhani amepata mwanamke!"

"Wewe! Adabu!" Lakini nikacheka mpaka mbavu zikauma, na kisha nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Tuwaambie, Mama."

Nikasimamisha kishikwambi kwenye benchi, nikatoa ufunguo mfukoni mwa aproni. Nikagonga mara tatu. Kule Norway na yeye akagonga meza yake mara tatu.

"Cene amefariki," nikasema.

"Baba amefariki," akasema Manca, na sauti yake haikukatika hata kidogo.

Nyuki wakatulia. Kisha wakaanza tena, chini kwa chini, wote pamoja.

"Wanasemaje?" akanong'ona.

"Wanauliza unakuja lini. Nilishawaambia unakuja."

"Uliwaambia lini?"

"Machi. Siku ile ile."

"Mama wewe!" Akapangusa pua kwa mkono wa sweta, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Basi waambie Jumamosi. Na nitapitia mjini, niwaletee ile sukari yao."