Dagaa Wadai Vichwa Vyao

Usiku wa kuamkia leo niliota niko jikoni kwa mama mkwe, sufuria iko motoni, na dagaa wamekataa kuingia mpaka warudishiwe vichwa.

Walikuwa wamejipanga kwenye ungo, mstari mmoja, kama watu wanaosubiri maji bombani. Hawakusema kitu, kwa sababu zilizo wazi. Mmoja alishika kibao kilichoandikwa VICHWA, basi.

"Si mimi," niliwaambia. "Kwetu mimi tunawapika na vichwa vyao."

Hawakusikia. Masikio nayo yalikuwa yameondoka na vichwa.

Niseme kwanza ilikuwaje, maana ndoto yenyewe haikuanzia hewani. Nina miezi mitatu katika nyumba hii. Nimeolewa na Mbaruku, fundi wa vitanda, mtu mpole, na mama yake, Bi Mwantumu, ndiye mwenye jiko. Bi Mwantumu ana neno juu ya kila kinachoiva. Dagaa atolewe kichwa, kichwa kina uchungu. Nyanya ikunwe, nyanya ya kukatwa mapande ni kachumbari iliyopotea njia. Tui jepesi litangulie, tui zito lije mwisho, na likishaingia sufuria isifunikwe na mwiko uzunguke upande mmoja, la sivyo tui litakatika. Na jua likishazama, chumvi haitajwi. Ukiitaja jioni unakaribisha baya ndani ya nyumba.

Mimi nami nina maneno yangu juu ya dagaa. Ninayo kimya.

Jana jioni chumvi nilitia mimi, adhana ya magharibi imekwisha. Nikageuka kuchukua unga wa ugali. Bi Mwantumu akapita, akatia na yeye, konzi nzima. Nilimwona. Yeye hakuuliza kama nimeshatia, kwa sababu haitajwi. Mimi sikumwambia, kwa sababu haitajwi, na kwa sababu mimi si msemaji. Mbaruku alikula tonge moja akanywa vikombe vitatu vya maji. Bi Mwantumu akachukua mwiko, akausuuza, akaingia nao chumbani kwake.

"Kuanzia kesho napika mwenyewe," alisema kutoka huko ndani. "Huyu atakula kama mgeni. Na Ijumaa mama yake akija, nitamweleza alichotuletea."

Nikalala na hilo kifuani. Ndiyo nikaota.

Mwiko unakuja kunichukua. Umevaa koti na una haraka.

"Zamda binti Shekue, unaitwa barazani," unasema, na kunipa barua.

Barua naisoma vizuri mpaka katikati. Shule niliachia darasa la tano, na kuanzia katikati barua imeingia darasa la sita.

"Huku chini imeandikwa nini?" nauliza.

"Adhabu," unasema mwiko. "Utaisikia, usijisumbue."

Nauliza baraza liko wapi. Mwiko unaniambia nitazame miguuni. Natazama, kumbe tumo ndani ya sufuria yenyewe. Imekuwa kubwa kama uwanja wa sherehe, na kuta zake zina ukoko wa wali wa juzi. Niliona aibu. Niliisugua sufuria ile kwa majivu, Mungu shahidi.

Mafiga matatu yamesimama ulinzi. Vichwa vya dagaa vimekaa mstari wa mbele, viwiliwili vyao mstari wa nyuma, havisalimiani. Tui jepesi limeshafika. Tui zito limetuma salamu kwamba lenyewe huingia mwisho. Hakimu ni mbuzi ya kukunia nazi, ile ya Bi Mwantumu, meno yako nje. Alianza kwa kuagiza kwamba leo asikaliwe na mtu.

Mlangoni limeegemea jembe. Nililiuliza linatafuta nini jikoni.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," lilisema. "Wakikuhukumu kuwa mgeni, nakusubiri siku ya tatu. Usinichukie, dada. Nimekuja kikazi."

Bi Mwantumu akaingia, kanga mpya, harufu ya udi. Akasimama upande wa pili na kueleza shtaka lake vizuri sana, kama anavyoeleza jambo lolote. Alisema nimeharibu dagaa. Alisema wao walitegemea mke, wakaletewa bahari.

"Zamda," alisema hakimu, "dagaa walitiwa mara ngapi?"

"Walitiwa nini, mheshimiwa?"

"Unajua."

"Najua."

"Kitaje."

Nilitazama juu. Kwenye mdomo wa sufuria anga lilikuwa jekundu, jua limeshazama. Nikatazama chini.

"Haitajwi," nilisema.

"Haitajwi," alisema Bi Mwantumu. Hapo tulikubaliana.

Hakimu akageukia mwiko. "Basi aitwe shahidi, ajieleze mwenyewe."

Mwiko ukaenda mlangoni, ukajaza kifua pumzi, ukakaa nayo. Baadaye ukarudi.

"Nimwite nani, mheshimiwa?"

"Shahidi."

"Mashahidi wako wengi huko nje. Kuna kitunguu kimoja kinalia tangu tufike."

"Yule mweupe."

Mwiko ukaita yule mweupe. Wakaja unga, sukari na yai moja la kuchemsha. Wakarudishwa. Yai lilisema limepoteza siku yake nzima.

Kesi ikakwama. Hakimu alisema sheria iko wazi: shahidi akikosa kuitwa, mshtakiwa ni mgeni. Nikaona jembe linajipangusa udongo. Nikaona na begi langu, lile la maua nililokuja nalo, linakuja lenyewe likipepesuka, nguo zangu zimo ndani. Kigauni changu cha kulalia kilining'inia nje mbele ya vichwa vyote vile, navyo havina kope za kufumba. Mtu akanimiminia maji ya kunawa, akaniuliza kwa adabu, "Unarudi lini kwenu?"

Nikamkumbuka mama. Ijumaa angekuja na kikapu chake, angekaa mkekani, angeambiwa mbele ya watu kwamba binti yake hajui kukadiria. Na mama ndiye aliyenifundisha kukadiria. Alikuwa ananishika kiganja na kuniambia, hapa, penye huu mstari, basi, usizidishe.

Nilikohoa.

"Chumvi," nilisema.

Jua, ambalo lilikuwa limeshazama, lilipanda tena mpaka kiunoni kuangalia ni nani kaita, kisha likarudi. Mafiga yaligeukia mlango kupokea baya linaloingia.

Aliingia kuku.

"Huyo tunamfahamu," vilisema vichwa vya dagaa, na kusogeleana.

Kuku alitazama huku na huku, akasema amekosea nyumba, akatoka. Nyuma yake ndipo alipokuwa shahidi. Mimi nilidhani Chumvi atakuwa mtu wa maana, mwenye sauti. Kumbe ni kimtu kifupi, kimejikunyata, kina haya kuliko mimi. Kilisimama kikichezea ncha ya shati.

"Uliingia mara ngapi?" aliuliza hakimu.

"Mbili," kilisema, kwa sauti ambayo ilibidi tuiinamie. "Kwanza na kiganja cha huyu dada, mpaka penye mstari. Halafu na konzi ya huyu mama."

"Na ulipoona umeshaingia mara ya kwanza, mbona ulikubali ya pili?"

"Mheshimiwa, mimi kila jioni naingia chakulani bila kuitwa. Asiyeitwa atajuaje aingie mara ngapi?"

Kichwa kimoja cha dagaa kikaomba ruhusa. "Na sisi tulikuja tumeshatiwa," kilisema. "Kule pwani, kabla ya kuanikwa. Kwa hiyo ni mara tatu. Na kingine, mheshimiwa, sisi hatuna uchungu. Uchungu uko tumboni, na tumbo wameliacha. Tumbo liko pale nyuma, mtu anaweza kulionja."

Viwiliwili vilitazama kwingine, kadiri vilivyoweza.

Nilitamani kupiga makofi. Hayo ndiyo maneno ya mama yangu, neno kwa neno, na mimi nimekaa nayo miezi mitatu.

Hakimu akamgeukia mama mkwe. "Bi Mwantumu, umesikia?"

"Sijasikia," alisema. "Kuna mvuke."

"Rudieni kwa sauti."

Vikarudia.

"Bado mvuke," alisema Bi Mwantumu, na kuvuta kanga yake.

Basi kile kichwa kikateremka kwenye kiti, kikakata uwanja wa sufuria kwa kurukaruka, kikampanda Bi Mwantumu mpaka begani. Kikakaa karibu na sikio. Kikaanza kumnong'oneza, taratibu, kuanzia mwanzo. Nilimwona mama mkwe anafungua mdomo. Nilimwona anaufunga. Katika miezi mitatu sikuwahi kuliona hilo.

Hakimu alikuwa anatoa hukumu mlango ulipofunguka na tui zito likaingia, maana ulikuwa mwisho. Liliingia lote. Likajaa mpaka magotini, likajaa mpaka kifuani, sote tukaanza kuzunguka, mimi, jembe, begi, vichwa, viwiliwili, Bi Mwantumu na mtu wake begani, sote upande mmoja. Kitu cha mwisho nilichokisikia ni hakimu akisema sufuria isifunikwe.

Nikaamka. Kumekucha. Mbaruku ameshatoka kwenda kwenye karakana yake, kikombe cha maji kiko tupu karibu na mto.

Nilitoka uani. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mwiko mapajani. Hakunitazama.

"Zamda."

"Abee, mama."

"Jana ulitia wewe, nikatia na mimi."

"Ndiyo, mama."

"Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Na mbona hukusema?"

Niliangalia juu. Jua limeshatoka, limekaa kwenye bati la jirani, zima.

"Chumvi haitajwi jioni, mama."

"Sasa hivi unaitaja kama umeizaa wewe."

Aliugeuza mwiko huku na huku kama anatafuta ufa. Kisha akaninyooshea, upande wa mpini.

"Leo ubandike mapema," alisema. "Utie kukiwa bado kweupe, uniambie umetia. Na wale dagaa waliobaki, usinitolee vichwa kwanza. Nataka nione jambo."

"Jambo gani, mama?"

"Dagaa ni wa kwako? Pika."

Akainuka kwenda kufungulia kuku. Alikuwa amevaa kanga mpya, aliyoitoa sandukuni asubuhi ile ile. Mikunjo ya dukani haijalegea, na jikoni haijawahi kuingia. Alipopita mbele yangu nikaona begani, karibu na sikio, kichwa kimoja cha dagaa.

Nilinyoosha mkono nikitoe. Halafu nikaurudisha. Nilihisi hakijamaliza kusema.